Forodha Iliyofunguliwa na Hongo za Njiani: Mazao ya Mpwapwa Mbele ya Ushuru wa Sifuri

Ushuru wa forodha ni kodi ambayo serikali hutoza bidhaa inapoingia kutoka nchi nyingine, na kwa kawaida huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya bidhaa hiyo inapofika bandarini au mpakani. Anayeilipa ni mwagizaji wa huko inakoingia bidhaa, wala si mkulima aliyeizalisha. Hata hivyo uzito wake hurudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kwa mwagizaji hadi kwa msafirishaji, kutoka kwa msafirishaji hadi kwa dalali, mpaka ukamkuta mkulima wa Mpwapwa aliyesimama kando ya magunia yake, kwa sababu kila mmoja katika mlolongo huo hununua kwa bei itakayomwachia faida baada ya kodi kulipwa. Ndiyo maana mataifa tajiri, na yale yanayoinukia, yanapotangaza kuondoa ushuru kwa bidhaa za nchi maskini zaidi duniani, tangazo hilo linamhusu mlima karanga, ufuta na alizeti wa uwanda wa kati wa Tanzania hata kama hajapata kulisikia. Linalostahili kuulizwa kwa makini ni kiasi gani cha nafuu hiyo humfikia, na kiasi gani huishia njiani.

Wakazi wa uwanda huo wana historia ndefu ya ushuru wa njiani. Katika karne ya 19 Mpwapwa ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kuelekea Tabora na Ujiji, kwa kuwa palikuwa na maji na chakula cha kuwatia nguvu wapagazi kabla hawajaivuka nyika kavu ya Marenga Mkali. Na ng'ambo ya nyika hiyo msafara uliingia Ugogo, ambako mtemi mmoja baada ya mwingine alidai hongo, yaani malipo ya kupita katika nchi yake na kuchota maji ya visima vyake, yaliyotolewa kwa nguo, shanga na nyaya. Sehemu kubwa ya nguo hizo ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kilichofumwa Marekani, ambacho kiliingia Unguja kwa ushuru wa asilimia 5 tu, kiwango kilichowekwa katika mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na serikali ya Marekani. Jora la merikani lililipiwa kidogo forodhani kwa mujibu wa mkataba, kisha likapungua dhiraa kwa dhiraa mbugani, hata thamani yake lilipofika Tabora haikuwa na uhusiano mkubwa na ile asilimia 5. Neno hongo leo limebaki na maana ya rushwa. Katika makala haya linatumika kwa maana yake ya kwanza, yaani kila anachokatwa mwenye mali kabla hajaufikia mlango aliofunguliwa.

Mlango wenyewe una historia yake. "Nchi zenye maendeleo duni" ni kundi rasmi lililoundwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mnamo Novemba 1971, likiwa na nchi takriban 25, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo tangu mwanzo. Leo kundi lina nchi 44, nyingi zikiwa za Afrika. Nchi huingizwa au kutolewa kwa vipimo vitatu, ambavyo ni pato la wastani la kila mtu, hali ya afya na elimu ya watu wake, na kiwango cha udhaifu wa uchumi wake mbele ya misukosuko kama ukame na kuporomoka kwa bei. Kanuni kuu ya biashara ya kimataifa tangu baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa kwamba nafuu anayopewa mshirika mmoja sharti wapewe wote, na kwa hiyo ilihitajika ruhusa ya pekee ili tajiri aweze kumpunguzia maskini ushuru bila kuwapunguzia wengine. Wazo hilo lilitetewa na mchumi wa Argentina, Raúl Prebisch, likakubaliwa katika mkutano wa biashara na maendeleo wa Umoja wa Mataifa uliofanyika New Delhi mwaka 1968, na likapewa msingi wa kudumu wa kisheria mwaka 1979.

Kutoka hapo nafuu zilifuatana. Mnamo Machi 2001 Umoja wa Ulaya ulianza mpango unaoitwa "Kila Kitu Isipokuwa Silaha", ambao uliruhusu bidhaa zote za nchi hizi, isipokuwa silaha na risasi, kuingia bila ushuru na bila ukomo wa kiasi, ingawa ndizi zilingoja hadi 2006, na sukari na mchele hadi 2009, kwa sababu hizo ndizo bidhaa ambazo wakulima wa Ulaya na wabia wao wa zamani waliogopa ushindani wake. Mnamo Desemba 2005, katika mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Hong Kong, nchi tajiri ziliahidi kufungua angalau asilimia 97 ya vipengele vya vitabu vyao vya ushuru. Asilimia 3 iliyoachwa inaonekana ndogo kwenye karatasi. Lakini nchi maskini kwa kawaida huuza bidhaa chache tu, na vipengele vichache vilivyofungwa vinaweza kubeba karibu kila inachouza nchi nzima. India ilianza mpango wake mwaka 2008. China, ambayo mwaka 2005 ilikuwa imefungua bidhaa 190 kwa nchi za Afrika za kundi hili, ufuta ukiwamo, iliipa Tanzania sifuri kwa asilimia 98 ya vipengele kuanzia Desemba 2022, na tangu tarehe 1 Desemba 2024 imeondoa ushuru wote kwa nchi za kundi hili zenye uhusiano wa kibalozi nayo.

Kwa kusoma orodha hiyo, mtu angetarajia kwamba mkulima wa Mpwapwa amekuwa akiuza Ulaya kwa nafuu kubwa kwa zaidi ya miaka 20. Hapa ndipo kitabu cha ushuru kinapopaswa kufunguliwa na kusomwa mstari kwa mstari. Karanga mbichi, mbegu za ufuta na mbegu za alizeti zinapoingia Umoja wa Ulaya hazitozwi ushuru wowote, na hazitozwi hivyo zitokapo popote duniani, kwa sababu katika mazungumzo ya ushuru yaliyofanyika Geneva kati ya 1960 na 1962 jumuiya ya Ulaya ya wakati huo ilikubali kuziacha mbegu za mafuta ziingie bure. Mpango wa 2001 ukampa mkulima wa Mpwapwa sifuri mahali palipokuwa na sifuri tangu kabla ya Azimio la Arusha. Karanga ya Argentina na karanga ya Mpwapwa zinasimama kwenye mlango uleule, zikilipa kitu kilekile, yaani bure.

Ushuru huanza pale mbegu inapogeuzwa kuwa kitu kingine. Mafuta ghafi ya karanga au ya alizeti ya kuliwa hutozwa na Ulaya asilimia 6.4 ikiwa yanatoka katika nchi isiyo na upendeleo wowote, yakisafishwa hutozwa asilimia 9.6, na siagi ya karanga hufikia asilimia 12.8. Wachumi huita hali hiyo ushuru unaopanda ngazi, kwa maana kwamba kila hatua ya usindikaji huongeza kiwango, na hivyo nchi inayouza hujikuta inashawishiwa kuuza mali ghafi na kuacha ajira za kiwandani zibaki kwa mnunuzi. Kwa nchi zenye maendeleo duni ngazi hiyo imeondolewa yote. Maana yake ni kwamba zawadi ya Ulaya kwa Mpwapwa haimo ndani ya gunia la karanga, imo ndani ya kopo la siagi ya karanga. Na kopo hilo, kwa kiasi cha kupakiwa kontena na kupelekwa Ulaya, bado halijatoka Mpwapwa.

Si mara ya kwanza kwa uwanda huu kutazamwa na ulimwengu kama ghala la mbegu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga ambao kitovu chake cha kwanza kilikuwa Kongwa, eneo lililokuwa wakati huo sehemu ya wilaya ya Mpwapwa, kwa nia ya kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Udongo wa Kongwa uliokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikufika kwa wakati, matrekta yakavunjika kwenye mizizi ya vichaka, na kufikia 1951 mradi ulifungwa baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Mradi huo hukumbukwa kwa hasara yake. Unastahili kukumbukwa pia kwa kilichokusudiwa hata kama ungefaulu, kwamba karanga ingebebwa kwa reli hadi pwani na kuvuka bahari ili mafuta yake yaondoe uhaba wa jikoni za Waingereza.

Mambo ni tofauti kidogo kwa upande wa China, na tofauti hiyo ina faida ya kweli. China hutoza ufuta wa nchi zisizo na upendeleo asilimia 10, kwa hiyo sifuri inayopewa Tanzania ni nafuu inayoweza kuhesabiwa. Tani moja ya ufuta ikiwa na thamani ya dola 1,500 bandarini, mwagizaji anayenunua Tanzania anaokoa dola 150 ambazo angelipa kwa ufuta wa nchi isiyo na upendeleo. Nafuu hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya China kuwa mnunuzi mkubwa wa ufuta wa Tanzania. Lakini dola 150 hizo ziko mkononi mwa mwagizaji, na hakuna sheria inayomlazimisha kuzigawa. Zitashuka kuelekea Mpwapwa kwa kadiri tu ya ushindani uliopo kati ya wanunuzi. Watafiti Marcelo Olarreaga na Çağlar Özden walichunguza mwaka 2005 nguo zilizouzwa Marekani kutoka Afrika chini ya sheria ya AGOA, ambayo ni upendeleo wa Marekani kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara, wakakuta kwamba wauzaji walipata takribani theluthi moja tu ya nafuu ya ushuru, na kwamba nchi zilizo maskini na ndogo zaidi zilipata pungufu ya hapo. Aidha, washindani wakuu wa ufuta wa Tanzania, kama Ethiopia, Sudan na Niger, wamo katika kundi lilelile la sifuri, na mnamo Juni 2025 China ilitangaza nia ya kuzifungulia mlango huohuo nchi zote 53 za Afrika zenye uhusiano nayo, Nigeria isiyo ya kundi la nchi maskini zaidi ikiwamo. Upendeleo wanaopewa wote hauwi tena upendeleo.

Hongo iliyo nzito kuliko zote kwa karanga haionekani kwa macho. Ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu wa jamii ya Aspergillus, ambao huishi katika udongo wa maeneo yenye joto na huingia kwenye karanga hasa mmea unapopata kiu mwishoni mwa msimu na ganda kupasuka likiwa bado ardhini. Mpwapwa ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mvua inapokatika mapema mwezi Machi karanga huwa katika hatua ileile ambayo ukungu unaipenda. Kisha kuna jambo linalofanyika barazani. Karanga huvunwa, hukaushwa na kuhifadhiwa na maganda yake. Bei inapopanda katika miezi ya kiangazi maganda huwa yamekauka na kuwa magumu, na akina mama wanaomenya gunia zima kwa vidole hunyunyizia maji ili maganda yalainike na kucha zisiumie. Maji hayo machache, yakibaki ndani ya gunia lililofungwa, huupa ukungu unyevu uliokosa kwa miezi mitatu. Mtu mwenye uchungu wa vidole hawezi kulaumiwa kwa kunyunyiza maji. Mashine ya kubangulia ya kuzungushwa kwa mkono ingemwondolea haja hiyo, na ni mashine inayoweza kuundwa na fundi wa kuchomelea vyuma wa mjini.

Kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa karanga za kuliwa moja kwa moja ni maikrogramu 4 za sumukuvu katika kila kilo, kiasi ambacho kikipigiwa hesabu ni sawa na gramu moja ndani ya tani 250. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni 10. Karanga chache zilizoota ukungu, zikichanganyika na gunia safi kisha sampuli ikasagwa na kupimwa, zinatosha kuirudisha shehena nzima. Mwaka 2001 watafiti wa Benki ya Dunia, Tsunehiro Otsuki, John Wilson na Mirvat Sewadeh, walikadiria kwamba ukali wa viwango vya Ulaya ungeipunguzia Afrika mauzo ya nafaka, matunda makavu na karanga kwa dola milioni 670 kwa mwaka ukilinganishwa na viwango vya kimataifa, na takwimu hiyo ilinukuliwa kila mahali kama ushahidi kwamba tajiri anafungua mlango kwa mkono mmoja na kuufunga kwa mwingine. Lakini mwaka 2012 Bo Xiong na John Beghin waliipitia upya biashara ya karanga wakaona kwamba kanuni hizo hazikuwa na athari kubwa iliyodhaniwa, na kwamba kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa upande wa uzalishaji, katika mashamba na maghala ya Afrika kwenyewe.

Hoja ya pili ndiyo inayoelekea kuwa ya haki zaidi, na kuna sababu nzito ya kusema hivyo. Kati ya Juni na Novemba 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula chakula chenye sumukuvu. Kwa hiyo kikomo cha sumu hakipaswi kuzungumzwa kama hila ya wageni dhidi ya mkulima, kwa kuwa karanga na mahindi yanayokataliwa bandarini hayatupwi baharini. Hurudi sokoni, na mara nyingi huishia katika uji wa mtoto. Serikali, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imeanzisha mradi wa kudhibiti sumukuvu unaogusa mkoa wa Dodoma, na kila turubai la kuanikia na kila kipima unyevu kinachofika kijijini kina thamani kwa afya ya watu kabla ya kuwa na thamani kwa biashara.

Ushahidi kwamba sifuri ya ushuru haiushindi ukungu si lazima utafutwe Ulaya. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mahindi ya Tanzania huingia Kenya bila ushuru. Lakini tarehe 5 Machi 2021 mamlaka za Kenya zilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ingawa zuio liliondolewa baada ya siku chache, liliacha masharti ya cheti kinachothibitisha kwamba sumu haizidi kikomo. Wafanyabiashara wa soko la nafaka la Kibaigwa, mahali ambapo mahindi mengi ya Mpwapwa na Kongwa hukusanywa, wanajua maana ya lori lililogeuzwa mpakani. India nayo, miaka tisa baada ya kuanza kuzipunguzia nchi maskini ushuru, iliweka mnamo Agosti 2017 ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zilizoagizwa kutoka nje ili kuwalinda wakulima wake waliokuwa wamevuna sana, na bei ya mbaazi katika Manyara, Lindi, Mtwara na sehemu za Dodoma ikaporomoka, hata baadhi ya wakulima wakaziacha shambani. Kilichowekwa Agosti hiyo hakikuwa kodi, kilikuwa kipimo cha kiasi, na kipimo hicho kiliwaumiza kuliko kodi.

Ng'ombe wana kisa kifupi zaidi. Mpwapwa ina maabara ya mifugo iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905, na kituo chake cha utafiti kilizalisha aina ya ng'ombe inayoitwa Mpwapwa, iliyochanganywa kutoka damu za Asia, Afrika na Ulaya ili istahimili ukame na bado itoe maziwa na nyama. Nyama ya ng'ombe ya nchi zenye maendeleo duni haina ushuru Ulaya tangu 2001. Hakuna nyama ya Tanzania inayoingia huko, kwa sababu Tanzania haimo katika orodha ya nchi zilizoidhinishwa kuuza nyama ya ng'ombe Ulaya, na ugonjwa wa miguu na midomo ungalipo. Nyama ya Tanzania huuzwa zaidi katika nchi za Ghuba, ambazo hazikuhitaji mpango wowote wa huruma ili kuinunua.

Kuna pia karatasi. Ili bidhaa ipate sifuri sharti ithibitishwe kuwa ni ya nchi inayopendelewa, na kanuni zinazoamua jambo hilo huitwa kanuni za uasili wa bidhaa. Kwa mbegu iliyoota katika udongo wa Mpwapwa jibu ni rahisi, kwa kuwa yote ni ya Tanzania. Lakini kwa nguo iliyoshonwa Dodoma kwa kitambaa cha India, au kwa siagi ya karanga iliyotiwa sukari ya nje, swali huwa gumu, na gharama ya kulijibu wakati mwingine huzidi nafuu yenyewe, hata mwagizaji akaona afadhali alipe ushuru. Cheti cha uasili hutolewa na chama cha wafanyabiashara, wenye viwanda na kilimo, cheti cha afya ya mimea hutolewa na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na kila kimoja kina ada yake. Muuzaji wa tani 500 huzigawa gharama hizo hata zisionekane. Kikundi cha akina mama wenye tani tatu hakiwezi.

Na kabla ya karatasi zote hizo kuna gunia lenyewe. Katika masoko ya vijijini gunia hufahamika kuwa la debe sita, lakini mnunuzi hulijaza kupita mdomo na kulishonea kilemba cha kamba, desturi inayoitwa lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza na ambayo wauza vitunguu wa Lumuma wanaijua vizuri kama wauza karanga. Kilemba kikiwa cha debe moja tu, mkulima ametoa debe saba kwa bei ya sita, yaani sehemu moja ya saba ya mavuno yake, ambayo ni zaidi ya asilimia 14, imekwenda bure. Asilimia hiyo inazidi ushuru wote ambao China imeuondolea ufuta wake, na inazidi ule wa siagi ya karanga katika forodha ya Ulaya. Hakuna mkutano wa mawaziri unaohitajika ili kuiondoa. Kinachohitajika ni mizani iliyokaguliwa, iwe ya chama cha msingi cha ushirika au ya halmashauri, iliyowekwa mahali mkulima anapoweza kuisoma mwenyewe. Baada ya hapo hufuata ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao bajeti ya 2017/18 iliupunguza kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, ikamsamehe pia anayesafirisha tani moja au pungufu kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Punguzo hilo halikuvuma duniani kama matangazo ya Brussels na Beijing, ilhali lilimfikia mkulima moja kwa moja.

Usafiri ni hongo ya zamani. Stesheni ya Gulwe iko karibu na Mpwapwa, lakini kipande cha reli ya zamani kati ya Kidete na Gulwe kimekuwa kikisombwa na mafuriko mara kwa mara, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliisimamisha njia hiyo kwa miezi. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, inapita eneo hilohilo. Itakapozoea kubeba magunia kama inavyobeba watu, itakuwa imefanya kwa ufuta wa Mpwapwa kazi ambayo asilimia za forodha hazikuweza.

Inafaa kusemwa wazi pia kwamba ushuru si adui wa mkulima daima. Tanzania yenyewe haizalishi mafuta ya kula ya kuitosheleza, na katika bajeti ya 2018/19 iliongeza ushuru wa mafuta ghafi yanayoagizwa hadi asilimia 25 na wa yaliyosafishwa hadi asilimia 35, ili mwenye kinu cha alizeti wa Dodoma na Singida aweze kushindana na mawese ya Asia. Kwa hiyo mkulima yuleyule anayenufaika na kuondolewa kwa ushuru wa China kwa ufuta wake hunufaika na kuwapo kwa ushuru wa Tanzania kwa alizeti yake, na mke wake anayenunua lita moja ya mafuta dukani huulipa. Jambo hili ndilo lililokuwa kiini cha mjadala wa 2016, pale Tanzania ilipokataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ambao ungeilazimu kufungua sehemu kubwa ya soko lake kwa bidhaa za Ulaya, na ambao Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa ameupinga kwa maandishi kwa kuhofia viwanda vichanga. Tanzania iliweza kukataa kwa sababu ilikuwa na pa kuegemea: ikiwa katika kundi la nchi maskini zaidi, bidhaa zake zingeendelea kuingia Ulaya bure. Kenya, isiyo katika kundi hilo, haikuwa na egemeo. Muda wa mazungumzo ulipopita Oktoba 2014, maua yake yalianza kutozwa hadi asilimia 8.5 kwa miezi kadhaa, na hatimaye ilisaini mkataba wake peke yake mnamo Desemba 2023.

Egemeo hilo lakini ni la kupewa, na anayetoa anaweza kutwaa. Rwanda, nayo ikiwa nchi yenye maendeleo duni, ilinyimwa na Marekani nafuu ya AGOA kwa nguo zake mnamo Julai 2018 kwa sababu ilipandisha ushuru wa mitumba ili kukuza ushonaji wake. Tanzania na Uganda, zilizokuwa zimeanza safari ileile, zilirudi nyuma.

Tanzania nayo inaelekea kutoka katika kundi lililoipa nafuu hizo. Katika tathmini ya 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa ya sera za maendeleo iliikuta imefikia kwa mara ya kwanza vigezo vya kuhitimu, yaani vya kutoka katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni, na sharti vigezo hivyo vitimizwe katika tathmini mbili zinazofuatana, ambazo hufanyika kila baada ya miaka mitatu. Baada ya kuhitimu Umoja wa Ulaya huongeza miaka mitatu kabla ya kuanza kutoza. Siku hiyo ikifika, gunia la karanga la Mpwapwa litaendelea kuingia Ulaya bila ushuru kama lilivyoingia siku zote. Kitakachoanza kuhesabiwa asilimia, isipokuwa pawe na mkataba mwingine, ni kopo la siagi ya karanga, na muda wa kulitengeneza Mpwapwa na kulifikisha huko bila kulipa chochote ni miaka iliyosalia hadi siku hiyo.